Mbili kwa Moja

Saa tatu kamili ya usiku, bendi ya mita themanini.
Nafungua daftari, nasafisha koo, naita:
Eulalia hapa, Toppenish. Nani yuko hewani?
Mngurumo kwanza, kama chumvi ikikaangwa.
Kisha mmoja mmoja wanachomoza:
Verlin wa Othello, tano kwa tisa, sauti ya kubomoa mlango;
Haruko Nishida wa Wapato, tano kwa saba;
Arvid Tollefsen wa Ritzville, kimya.
Naita tena.
Theluji imelalia waya wake tangu Ijumaa.

Verlin hangoji zamu. "Mmesikia? Kule jangwani Hanford
wamenasa jingine. Mashimo mawili meusi
yamezungukana hata yakamezana,
umbali wa miaka ya nuru bilioni moja na ushei.
Nauliza: sisi ingetufaa antena gani?"

Haruko anacheka, kicheko kinapanda na kuzama.
"Hakuna, Verlin. Si redio hiyo.
Redio hupita kama maji ndani ya mfereji.
Hili ni mfereji wenyewe, unajinyoosha.
Ukipima kwa futi, futi nayo imenyooka."

"Basi wanapimaje?"

"Kwa nuru. Mikono miwili, kila mmoja kilomita nne,
vioo vimening'inizwa kwa nyuzi,
leza inakwenda, inarudi, inalinganisha mkono na mkono.
Tofauti ikiwa ndogo kuliko kiini cha atomu,
ndogo mara elfu, wanaiona."

Verlin anapiga mluzi.
"Basi mimi nimo humo. Lori langu la viazi, alfajiri,
likiruka yale mashimo ya barabara.
Mpwa wangu hufagia pale. Kaniambia:
Mjomba, kwenye chati yao kuna michirizi imeandikwa *lori*.
Huifuta kwanza, ndipo kazi ianze."
Ananyamaza, jambo la nadra kwake.
"Miaka thelathini ya mizigo. Kumbe mimi kelele ya kufutwa."

"Sote," anasema Haruko. "Cherehani ya mama
iliharibu televisheni za mtaa mzima,
na gauni nililoolewa nalo ndilo alilokuwa akishona."

Mimi kazi yangu ni feni za mashamba ya matufaa,
zile ndefu za kufukuza sakitu usiku wa maua.
Kelele naijua; naijua kwa majina ya beringi zake.
Wazee wa maneno walisema lisemwalo lipo,
na kama halipo, li njiani linakuja.
Hili lilikuwa njiani kabla ya sikio lolote,
dunia ikiwa utelezi tu juu ya mawe ya pwani.
Juzi nilisikiliza walivyoligeuza kuwa sauti:
mvumo wa chini, halafu kama tone linaloangukia juu,
vup.
Majua matatu yameteketea humo.
Vup, na kettle yangu ikaendelea kuchemka.

Nilikuwa karibu kufunga zamu
nilipohisi kitu chini ya chumvi.
"Nyamazeni. Verlin, hata kupumua."

Si sauti. Ni ufunguo: nukta, nukta,
kisha mstari unaokokotwa mwishoni
kama mtu avuaye buti lililolowa.
Mkono wa mtu haufichiki.
Herufi sikuipata hata moja,
zilizama, zikaibuka zimevunjika, zikazama.
Lakini ule mkokoto! Miaka kumi na tisa ya Jumapili
nimeusikiliza, ningeutambua
ndani ya mashine ya kukoboa ngano.

"Ritzville, nakusoma mbili kwa moja,"
nikamgongea polepole, mara tatu,
sijui kama yalifika.

"Kasemaje?" Verlin ananong'ona, yeye asiyejua kunong'ona.
"Sijui alichosema. Yupo."

Naandika saa. Naandika mbili, naandika moja.
Penseli imechongoka vibaya, inakwaruza.
Haruko anauliza nani kati yetu ana ngazi ndefu,
na Verlin tayari yuko nje, maikrofoni imeachwa wazi,
tunamsikia akitafuta minyororo ya matairi gizani.